Kinanda cha Mianzi cha Las Piñas

Katika Kanisa la Mtakatifu Yosefu, Las Piñas, Ufilipino, kuna kinanda chenye mabomba 1,031. Kati ya hayo, 902 ni ya mianzi. 129 tu ndiyo ya metali. Aliyekiunda ni padri Mhispania, Diego Cera, wakati Las Piñas ilipokuwa mji mdogo kusini mwa Manila. Alianza mwaka 1816, akakikamilisha mwaka 1824.

Je, mwanzi unawezaje kufanya kazi ya metali? Jibu ni kwamba kinachotoa sauti si bomba, bali hewa iliyomo ndani yake. Mivukuto husukuma upepo, mpigaji akibonyeza kibao mlango mdogo hufunguka, na upepo hupita kwenye mdomo wa bomba ukikatwa na ukingo wake, kama unapopuliza juu ya chupa tupu ya soda. Hewa iliyo ndani hutetemeka, na urefu wake ndio unaoamua noti. Bomba la mita 1 lililo wazi pande zote mbili hutetemesha hewa karibu mara 170 kwa sekunde. Likate nusu, mitetemo inakuwa maradufu na sauti inapanda oktavu moja. Kuta zinatakiwa tu ziwe ngumu, laini kwa ndani na zisizovujisha hewa. Mwanzi una sifa hizo zote, tena umezaliwa na tundu.

Adui wa mwanzi ni wadudu, wanaofuata wanga uliomo ndani yake. Ndiyo maana Cera aliifukia mianzi kwenye mchanga wa pwani kwa miezi kadhaa, kisha akatumia ile iliyotoka salama. Mabomba yanayoitwa tarumbeta, yaliyochomoza mbele kwa mtindo wa Kihispania, ndiyo aliyoyatengeneza kwa metali; sauti yao huanzia kwenye ulimi mwembamba wa metali unaopigwa na upepo.

Hapo ndipo joto linapoleta ugomvi. Kwenye nyuzi 20 za Selsiasi sauti husafiri mita 343 kwa sekunde. Kwenye nyuzi 30, mita 349 hivi. Kukipata joto, mabomba ya mianzi hupandisha noti kidogo, ilhali tarumbeta, zinazotii zaidi ndimi zao, hazisogei kwa kiwango hicho. Matokeo yake tarumbeta hazilingani tena na mabomba ya mianzi, na fundi hulazimika kuzirekebisha.

Matetemeko ya ardhi na tufani vilikiharibu kinanda hicho mara kadhaa. Mwaka 1973 kilisafirishwa hadi Bonn, Ujerumani, kwa mafundi wa Klais, kampuni ya kuunda vinanda, kikarudi mwaka 1975 kikiimba tena. Mwaka 2003 Ufilipino ilikitangaza kuwa hazina ya utamaduni wa taifa. Kinastahili heshima hiyo: kwa mabomba mengi aliyekijenga alitumia kilichoota jirani, na karne mbili baadaye bado kinapigwa ibadani.