Gesi ya Zizini na Injini za Angani

Mwenye kupita Nyamuswa, katika nchi ya Waikizu baina ya Bunda na Butiama, hana haja ya kuambiwa kwamba ng'ombe ni mali ya watu wa huko, kwani mazizi yenyewe humpa habari hiyo kabla hajafika, ama kwa macho ama kwa pua. Samadi ya mazizi hayo ikichanganywa na maji, ndoo kwa ndoo, ikakorogwa mpaka madonge yote yakavunjika, kisha ikateremshwa katika shimo la matofali lililofunikwa kwa kuba lisilopenyeza hewa, huliwa na vijidudu vinavyoishi pasipo hewa, na katika kula kwao hutoka gesi ambayo zaidi ya nusu yake ni methani. Mitambo ya namna hii, ambayo wataalamu wa kituo cha CAMARTEC kule Arusha wamekuwa wakiieneza nchini tangu miaka ya 1980, huipeleka gesi jikoni kwa bomba. Mama akifungua koki na kupitisha kiberiti, huwaka moto wa buluu usio na moshi, na sufuria ikiepuliwa hapana masizi chini yake.

Nimeanza na moto huo kwa sababu methani ya jikoni na methani ya roketi ni kitu kimoja kwa hakika. Mnamo Desemba 2023, katika mji wa Taiki kisiwani Hokkaido, Japani, kampuni ya Interstellar Technologies iliwasha injini yake iitwayo COSMOS kwa methani iliyotokana na samadi ya ng'ombe wa maziwa wa jirani, nayo ikanguruma kwa muda wa sekunde 10 hivi ikiwa imefungwa imara mahali pake pa majaribio. Lakini gesi haiingii injini kama itokavyo shimoni. Sharti itakaswe kwanza: iondolewe gesi ya salfa yenye harufu ya yai viza, iondolewe na kaboni dayoksidi, ambayo kwenye baridi kali huganda na kuziba mabomba, ndipo ipozwe mpaka nyuzi 162 chini ya sifuri, ambapo methani hugeuka kimiminika.

Kwa miongo mingi mabingwa wa roketi za mafuta ya kimiminika walichagua zaidi baina ya mafuta ya taa na haidrojeni. Mafuta ya taa ni mazito, hayadai tangi kubwa wala baridi, lakini kila aliyepata kusugua chemni ya kandili anaijua aibu yake, na masizi hayo hayo hujishika ndani ya vijibomba vyembamba vya injini, jambo lisilo na dhara kubwa kwa roketi itakayotumika mara moja na kutupwa baharini, ila ni balaa kwa ile inayokusudiwa kurudi na kuruka tena. Haidrojeni ni safi na hutoa nguvu nyingi kuliko zote kwa kila kilo, lakini hutaka baridi ya nyuzi 253 chini ya sifuri, na lita yake moja haizidi gramu 71, hata tangi lake huwa kubwa mno. Methani imesimama katikati: lita moja ina gramu 420 hivi, haiachi masizi ya kutaabisha, na baridi yake haiko mbali na ile ya oksijeni iliyo kimiminika, yaani nyuzi 183 chini ya sifuri, kwa hiyo vitu hivi viwili vyaweza kukaa vyumba jirani katika tangi moja na kutengwa kwa ukuta mmoja tu. Wenye tamaa ya kufika Mirihi huongeza hoja nyingine, kwamba hewa ya huko ni kaboni dayoksidi karibu tupu, nayo ikikutanishwa na haidrojeni kwa njia aliyoigundua Mfaransa Paul Sabatier, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1912, hutoa methani ya safari ya kurudi.

Magazeti yanapolinganisha injini hizi, aghalabu hutanguliza nguvu ya msukumo, kwa tani, kama watu wanaopima mafahali. Kwa maoni yangu swali lenye faida zaidi ni hili: pampu huendeshwa na nini? Kwani injini kubwa hunywa mamia ya kilo za methani na oksijeni kila sekunde, na pampu za kusukuma mzigo huo huzungushwa na tabini, na tabini huzungushwa na gesi moto kutoka katika tanuri dogo linalochoma sehemu ya mafuta yale yale. Tofauti zote kubwa baina ya injini za methani zimo katika jambo hili, yaani gesi hiyo, ikiisha kuzungusha tabini, huenda wapi.

Katika TQ-12, injini ya kampuni ya Kichina LandSpace, hutupwa nje. Ni israfu, maana sehemu ya mafuta huondoka bila kusukuma roketi ipasavyo, lakini ndiyo njia nyepesi na yenye kutulia. Kila injini hutoa takriban tani 67. Nne zake ziliiinua roketi Zhuque-2 kutoka Jiuquan, na baada ya jaribio la kwanza kushindwa Desemba 2022, tarehe 12 Julai 2023 ikawa roketi ya kwanza ya methani duniani kufika katika mzingo wa dunia, ikiwatangulia Wamarekani wenye injini za fahari zaidi. COSMOS ya Wajapani nayo ni ya madhehebu hayo hayo, na kadhalika Prometheus ya Ulaya.

BE-4 ya kampuni ya Blue Origin haitupi kitu. Karibu oksijeni yote hupitishwa katika tanuri dogo pamoja na methani kidogo, ikatoka ingali oksijeni lakini ya moto, ikazungusha tabini, kisha ikaingia katika chumba cha mwako kumalizia kazi. Hapa ndipo ilipo hatari, kwa kuwa oksijeni ya moto hula chuma, na asiyepata madini ya kustahimili ghadhabu hiyo huona injini yake ikiungua yenyewe. Warusi waliimudu hila hiyo zamani kwa mafuta ya taa, hata Wamarekani wakawa wakinunua kwao injini za RD-180 kwa miaka mingi. BE-4 ndiyo iliyochukua mahali pake, mbili chini ya roketi Vulcan, iliyoruka mara ya kwanza tarehe 8 Januari 2024, na saba chini ya New Glenn, iliyoruka Januari 2025, na Novemba mwaka huo huo hatua yake ya kwanza ikatua salama juu ya chombo baharini. Msukumo wake ni takriban tani 250, nayo hufanya kazi kwa kanieneo ya wastani, kama mara 134 ya kanieneo ya hewa, kwa makusudi, ili idumu.

Raptor ya SpaceX imekwenda mbele zaidi: ina matanuri mawili, moja lenye oksijeni nyingi na jingine lenye methani nyingi, na kila tone la mafuta hupita katika mojawapo kabla ya kufika chumba cha mwako. Kwa kuwa gesi ya kuzungusha tabini ni nyingi, haihitaji kuwa moto sana. Na kwa kuwa methani ina tabini yake na oksijeni ina yake, hapana haja ya kuhofia kizibo chembamba kinachotenga maadui hao wawili juu ya mhimili mmoja. Warusi walijenga injini ya namna hii, RD-270, katika miaka ya 1960, wala haikupata kuruka. Raptor iliruka mwaka 2019, na kanieneo ndani yake hufikia mara 300 ya ile ya hewa, hata toleo lake la pili hutoa tani 230 ilhali umbo lake ni dogo kuliko BE-4. Udogo huo ndio uliowezesha 33 kupangwa chini ya roketi moja, ambayo hatua yake ya kwanza ilidakwa kwa mikono ya mnara tarehe 13 Oktoba 2024.

Kwa ustadi Raptor haina mshindani, nami nakiri hivyo bila kinyongo. Lakini taifa linaloanza, likinitaka shauri, ningelielekeza kwa ile ya kutupa gesi nje, ambayo yaweza kutengenezwa na watu wachache wenye subira. Afrika Mashariki imekwisha kurusha setilaiti, kwa mikono ya Waitaliano, kutoka jukwaa la San Marco mbele ya Malindi baina ya 1967 na 1988, ikiwemo ile iliyoitwa Uhuru ya tarehe 12 Desemba 1970, na sababu yao ya kuja ilikuwa ikweta, ambapo mzunguko wa dunia humpa mrukaji mbio za bure. Ila roketi zao za Scout zilikuwa za baruti ngumu, hazikuhitaji pampu wala baridi. Methani tunayo: ya Songo Songo, iliyogunduliwa 1974 na kuanza kutoa umeme Dar es Salaam 2004, ni safi kupita ya mashimo yetu ya samadi kwa mbali. Lakini husafiri bombani ikiwa gesi. Kuipoza mpaka nyuzi 162 chini ya sifuri ni kazi ya kiwanda kama kile ambacho serikali na makampuni ya nje wamekijadili kwa miaka kwa ajili ya Lindi, na mpaka sasa hesabu zake zinafanywa kwa meli za kuuza gesi ng'ambo.