Fahamu: Chembe za Fedha na Bakteria Sugu
Maradhi yaliyokuwa yakitiishwa kwa vidonge vichache yamegeuka jabari, hata ikakadiriwa kuwa mwaka 2019 bakteria sugu kwa dawa waliua watu milioni 1.27; kwa sababu hiyo wataalamu wameirejea fedha, madini ambayo tabibu Carl Credé wa Leipzig, karne ya 19, aliyatumia katika matone ya kukinga macho ya watoto wachanga. Katika bendeji ya jeraha la moto, chembe za fedha zisizozidi nanomita 100 hutoa ayoni zinazodhuru utando wa bakteria na kuzishika protini zao, hivyo adui hushambuliwa kwa njia kadha wa kadha. Tumaini hili kwa fedha ni la haki, wallahi, lakini fedha isinywewe kiholela: huweza kugeuza ngozi kuwa ya kijivu daima, na usugu dhidi yake uliripotiwa Massachusetts tangu 1975, katika wodi ya walioungua.