Hali ya hewa kwa anayejisomea (2): Namba 1013 haifiki Igogo

Wiki iliyopita tulieleza vyombo vya kituo cha hali ya hewa, na kwa nini sanduku la Stevenson hupakwa rangi nyeupe na kuinuliwa zaidi ya mita moja juu ya ardhi. Leo ni zamu ya mgandamizo wa hewa, mada ambayo wanaojisomea huikariri haraka na kuiacha. Kwa mkazi wa Igogo, hapa jijini Mwanza, ndiyo yenye mitego mingi.

Ninayemwandikia ni yule anayesoma sekondari nje ya mfumo rasmi. Kwa utaratibu wa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, Kidato cha Kwanza na cha Pili husomwa kama hatua moja inayoishia kwenye mtihani wa maarifa, yaani QT, kisha hufuata hatua ya pili hadi mtihani wa Kidato cha Nne. Mchana yupo kiwandani kwenye minofu ya sangara, au anabeba mizigo bandari ya Mwanza Kusini. Usiku anafungua moduli. Somo la Jiografia linamkutanisha na hali ya hewa mapema kabisa, na mara nyingi hana wa kumwambia kwamba sentensi aliyoipigia mstari ni kweli kwa London na kwa Dar es Salaam, ila kwa Mwanza ina walakini.

Kitabu kinasema mgandamizo wa kawaida wa hewa ni milibari 1013. Sasa mwanafunzi anaazima simu yenye kihisi cha mgandamizo (si zote zinacho), anasoma 887, na anaamini simu ni mbovu. Simu ni nzima. Mgandamizo ni uzito wa hewa yote iliyo juu yetu, na kadiri unavyopanda ndivyo hewa iliyobaki juu yako inavyopungua. Katika miinuko kama ya kwetu, kila mita tisa hivi unazopanda zinapunguza karibu milibari moja. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Gawanya, toa, na utaona kwamba Igogo haiwezi kufika 1013 hata siku moja. Anayeishi juu kwenye mawe atasoma namba ndogo kuliko jirani yake aliye chini kando ya maji. Ndiyo maana watabiri hurekebisha vipimo vya vituo vya miinuko kama vya kwetu ili vilingane na usawa wa bahari kabla ya kuviweka kwenye ramani moja. Bila hivyo ramani ya Tanzania ingekuwa ramani ya milima tu.

Mtego wa pili ni mkubwa zaidi. Vitabu vingi hufundisha kwamba baromita ikishuka, dhoruba inakuja. Kanuni hiyo ilizaliwa katika nchi za mbali na ikweta, ambako mifumo mikubwa ya mgandamizo mdogo hupita na kushusha baromita kwa milibari nyingi ndani ya siku moja. Mwanza iko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta. Hapa baromita hupanda hadi kilele mnamo saa nne asubuhi, hushuka hadi saa kumi jioni, hupanda tena hadi saa nne usiku na kushuka hadi saa kumi alfajiri, iwe mvua iwe kiangazi. Tofauti ni milibari tatu au nne. Ni mawimbi ya angahewa yanayosukumwa na joto la jua. Alexander von Humboldt, aliyezunguka Amerika ya Kusini kati ya 1799 na 1804, alistaajabia mpangilio huo hata akaona baromita ya tropiki inaweza kukutajia saa. Basi ukiiona imeshuka alasiri, usikimbilie kuanua nguo.

Dhoruba za ziwa letu zina chanzo kingine. Maji hupata joto polepole na kulipoteza polepole. Matale ya Mwanza huunguza mchana na kupoa haraka usiku. Mchana hewa ya nchi kavu hupanda, na upepo wa ziwani huingia kuchukua nafasi yake; Igogo, ambayo ghuba iko magharibi yake, huupata ukitoka upande huo. Usiku mambo hugeuka. Moduli huishia hapo, na mchoro wa mishale miwili.

Lakini ziwa hili lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800. Usiku, upepo wa nchi kavu hutoka Tanzania, Uganda na Kenya kwa pamoja, ukakutana katikati ya maji ambayo bado yana joto. Hewa haina pa kwenda ila juu, ikiwa imejaa mvuke. Mawingu ya radi hujengeka usiku wa manane na kuelekea alfajiri, saa zilezile ambazo wavuvi wa dagaa wako ndani na taa zao, maana dagaa huvuliwa kwenye giza. Upepo wa mashariki huyasukuma mawingu hayo magharibi, na hiyo ni sababu mojawapo ya Bukoba kupata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka, ilhali Mwanza hupata takriban nusu yake. Ndege ya Precision Air iliyoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, wakafariki watu 19, ilikuwa ikijaribu kutua asubuhi, katika mvua. (Si kila ajali ya ziwa ni ya upepo, hata hivyo. MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018 zilizidiwa na mzigo na abiria.)

Kwa ajili ya saa hizo mbaya, Mamlaka ya Hali ya Hewa na wenzao wa Kenya, Uganda na Rwanda waliingia kwenye mradi wa HIGHWAY ulioanza 2017, ukaleta utabiri wa ziwa unaotolewa mara mbili kwa siku. Mwanafunzi ausikilize akiwa na daftari mkononi.

Daftari lenyewe halihitaji maabara. Chukua kopo lenye kuta zilizonyooka, liweke wazi mbali na mabati na miti, upime kina cha maji kwa rula saa tatu asubuhi. Vituo duniani kote hupima kwa wakati mmoja, na saa hiyo ya kwetu ni mojawapo ya saa kuu. Hapa ina faida ya ziada: mvua ya usiku kucha inakuwa tayari imeshaingia yote ndani ya kopo. Kila milimita moja ni lita moja kwa mita ya mraba, kwa hiyo milimita 10 juu ya bati la mita 40 za mraba ni lita 400. Milimita zikizidi 50 kwa saa 24, Mamlaka huiita mvua kubwa. Andika pia upepo unatoka wapi saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, kwa kutazama moshi wa majiko. Fanya hivyo hadi toleo lijalo, tutakapoingia kwenye mawingu.