"BIRI ISIYO KALI": ISTILAHI ZA KUMWELEKEZA ANAYEANZA

Utangulizi

Hivi karibuni mtafsiri mmoja alituletea kijitabu cha kurasa chache kilichoandikwa kwa Kiingereza kwa ajili ya wateja wa duka la hoteli. Kijitabu hicho chamweleza mtu ambaye hajapata kuvuta biri jinsi ya kuichagua biri yake ya kwanza. Mtafsiri alikuwa amekwisha kuimaliza kazi yake, naye alitaka tu tumthibitishie maneno matatu au manne. Tulipoisoma tafsiri yake tuliona kwamba neno la Kiingereza "mild", linalotokea karibu katika kila aya, limefasiriwa kwa namna tano mbalimbali: laini, nyepesi, hafifu, pole, na mahali pamoja isiyodhuru. Manne ya kwanza ni makosa ya lugha. La tano ni zaidi ya kosa la lugha, kwa kuwa lampa msomaji ahadi ambayo mwandishi wa Kiingereza hakuitoa, na ambayo hakuna mtu awezaye kuitimiza.

Katika makala haya tutajaribu kueleza istilahi zinazohitajika katika uwanja huu mdogo, na hasa neno hilo moja lililomsumbua mtafsiri wetu. Hatukusudii kumshawishi mtu yeyote avute tumbaku. Lakini bidhaa hii yauzwa, yatozwa ushuru, yatajwa katika sheria na katika vitabu vya afya, na kwa hiyo mtafsiri, mwalimu na mtumishi wa serikali hawana budi kuwa na maneno ya kuieleza kwa usahihi.

Jina la kitu chenyewe

Neno sigara limekwisha kukaa katika Kiswahili kwa maana ya tumbaku iliyokatwakatwa na kuviringwa katika karatasi. Kitu tunachokizungumzia hapa ni tofauti: ni majani matupu ya tumbaku yaliyosokotwa pamoja, bila karatasi. Wako waandishi wanaokiita sigara kubwa, lakini jina hilo lapotosha, maana ukubwa si tofauti ya msingi. Ziko ndogo zisizozidi kidole.

Neno biri lafaa zaidi. Hata hivyo yafaa ieleweke kwamba neno hili limetoka Bara Hindi, na huko lataja tumbaku kidogo iliyofungwa katika jani la mti mwingine na kukazwa kwa uzi. Twapendekeza neno biri pekee litumike kwa ile ya majani matupu ya tumbaku, na ile nyingine iitwe biri ya Kihindi. Panapohofiwa mkanganyiko, mtafsiri na aeleze mara moja mwanzoni, kisha aendelee na neno moja mpaka mwisho.

Sehemu za biri

Biri ina sehemu tatu. Katikati mna majani kadhaa yaliyokunjwa kwa urefu. Haya twayaita majani ya ndani. Yamezungukwa na jani moja au mawili yanayoyashika yasifumuke. Hilo ni jani la kufungia. Juu ya yote huviringishwa jani zuri lisilo na tundu wala mshipa mnene, ambalo ndilo mnunuzi alionalo; hilo ni jani la nje.

Mtafsiri wetu aliandika kijazo, kifungio na kivishio. Hatuyalaumu maneno hayo kwa muundo wake, kwani yamefuata kanuni za kuunda nomino. Twasema tu kwamba hayakuhitajika. Msomaji anayeambiwa "jani la nje" huelewa papo hapo. Anayeambiwa "kivishio" humpasa kwanza aulize. Istilahi mpya yafaa pale tu ambapo maneno ya kawaida yameshindwa.

Katika matayarisho ya majani, nako, lugha yetu haina upungufu. Wakulima wa tumbaku nchini Tanzania hutofautisha tumbaku ya mvuke, tumbaku ya moshi na tumbaku ya hewa, kwa kadiri ya namna inavyokaushwa. Majani ya biri kwa kawaida hukaushwa kwa hewa, yakitundikwa katika bani lenye kupitisha upepo. Baada ya hapo hurundikwa mafungu makubwa, nayo hupata joto yenyewe, hubadilika rangi na kupoteza uchungu. Kwa kazi hii ya pili mtafsiri alitumia kuchachusha, neno la pombe na unga. Twapendekeza kuvundika. Kila mtu ajuaye jinsi ndizi mbichi zinavyofunikwa zikapata joto na kuiva atatambua mara moja linalosemwa.

Kinyume cha "kali"

Sasa tulifikie tatizo kubwa. Kiswahili kina neno moja lenye nguvu kwa upande mmoja wa jambo hili, nalo ni kali. Tumbaku ni kali, kama vile pilipili, jua, kisu, dawa, mbwa na mwalimu wanavyoweza kuwa wakali. Lakini kinyume cha kali hakiko kimoja. Kisu kisicho kikali ni butu. Mbwa asiye mkali ni mpole. Jua lisilo kali ni la asubuhi au la jioni. Chai isiyo kali ni nyepesi. Kila nomino huchagua kinyume chake. Anayefungua kamusi na kuchukua neno la kwanza lililo mbele ya "mild" hana hakika kwamba nomino yake italikubali.

Tuyapime yale manne ya mtafsiri wetu.

Laini ni sifa ya kitu kinachoguswa. Hapa lina hatari ya pekee, kwani kijitabu hichohicho chamwagiza mnunuzi aibonyeze biri taratibu kwa vidole kabla ya kuinunua: ikiwa ngumu kama kijiti, imekauka au imejazwa mno, ikiwa na mahali palipo laini, majani ya ndani hayakupangwa sawa, na huenda ikaungua upande mmoja. Kwa hiyo msomaji anaambiwa katika ukurasa wa pili atafute "biri laini", na katika ukurasa wa nne aikatae biri iliyo laini.

Hafifu hutumika kwa bidhaa duni. Muuzaji hawezi kumsifia mteja wake biri hafifu.

Nyepesi huelekea uzito wa mizani, na biri nyepesi mkononi pengine imekauka tu.

Pole ni sifa ya mtu na mwendo. Biri ya pole huenda ikafahamika kuwa ni ile inayoungua polepole, jambo ambalo ni kweli kwa baadhi ya biri zilizo kali kabisa.

Neno moja, maana tatu

Kiini cha tatizo ni kwamba neno hilo la Kiingereza lajumlisha mambo matatu ambayo Kiswahili chaweza kuyatenga, na chafanya vyema kuyatenga.

La kwanza ni nguvu, yaani kiasi cha nikotini kinachomfikia mvutaji. Hiki ndicho kinachomlevya mgeni, kikamletea kizunguzungu, jasho na kichefuchefu. Nguvu yategemea kwanza mahali jani lilipoota. Majani ya chini ya mche hupata jua kidogo; huungua upesi na nguvu yake ni ndogo. Ya kati huwa na harufu nzuri. Ya juu, yanayopigwa na jua na kupata chakula kingi cha mmea, ni mazito, huungua taratibu, na ndiyo yenye nguvu. Wakulima wa Cuba wana jina maalumu kwa kila tabaka, lakini mkulima wa Urambo au Chunya, anayechuma kuanzia chini kwenda juu, hahitaji kufundishwa tofauti hiyo. Majani ya chini, majani ya kati na majani ya juu yatosha.

La pili ni ladha. Biri yaweza kuwa na ladha ya pilipili na ngozi, au ya maziwa na njugu, bila hayo kuonyesha nguvu yake. Hapa twapendekeza ladha isiyo kali.

La tatu ni hisia ya moshi kinywani na kooni: moshi usiowasha. Moshi huweza kuwasha kwa sababu tumbaku haikuvundikwa vya kutosha, au kwa sababu mvutaji anavuta upesi mno na kuitia moto kupita kiasi. Anayeanza hushauriwa avute mara moja kwa dakika, au karibu na hapo, na asiumeze moshi.

Mtafsiri akijiuliza "isiyo kali kwa nini?" kila anapokutana na neno hilo, ataona kwamba jibu liko katika sentensi yenyewe. Pasipo na jibu, yaani panapozungumzwa kwa ujumla, aandike biri isiyo kali. Ukanushi huu si udhaifu wa lugha. Twasema maji yasiyo ya chumvi na pilipili isiyowasha, na hakuna anayetudai neno jingine.

Rangi, ukubwa na asili

Kijitabu chataja pia dalili tatu ambazo mnunuzi hudhani zinaonyesha ukali, na hapa tafsiri yapaswa kuwa makini.

Rangi ya jani la nje huwadanganya wengi. Katika jimbo la Connecticut, Marekani, majani fulani hulimwa chini ya kitambaa kilichotandazwa juu ya nguzo ili kupunguza jua; huwa membamba na yenye rangi ya hudhurungi nyepesi. Mbegu yenye asili hiyo hulimwa pia Ecuador, ambako mawingu hufanya kazi ya kitambaa. Twaliita jani hilo jani la kivulini, na biri nyingi zinazopendekezwa kwa wanaoanza zimevikwa hilo. Lakini jani jeusi, ambalo wafanyabiashara huliita maduro, neno la Kihispania lenye maana ya kilichoiva, limepata weusi wake kwa kuvundikwa muda mrefu na kwa joto zaidi, na mara nyingi lina utamu. Mchele mmoja mapishi mengi. Mtafsiri asiandike "biri nyeusi" mahali pa "biri kali", wala kinyume chake.

Ukubwa nao una kipimo chake. Unene wa biri huhesabiwa kwa sehemu za inchi iliyogawanywa mara 64. Biri ya unene wa 50 ina kipenyo cha karibu milimita 20. Biri nene si lazima iwe kali. Bali biri ndefu huvutwa kwa muda mrefu na hutoa nikotini nyingi zaidi kwa jumla, na kwa sababu hiyo anayeanza hushauriwa achukue fupi, tena baada ya kula, asivute akiwa na njaa.

Kuhusu asili, biri za Jamhuri ya Dominika zina sifa ya kutokuwa kali, na za Nicaragua zina sifa ya nguvu. Hiyo ni sifa tu wala si kanuni, kwani kila nchi hutengeneza za aina zote. Tafsiri iseme "aghalabu", isiseme "daima".

Isiyo kali si isiyodhuru

Twarudi kwenye lile neno la tano. Moshi wa biri kwa kawaida una hali ya alkali kuliko wa sigara, na kwa hiyo nikotini yake hupenya katika ngozi ya kinywa hata kama mvutaji hakuumeza moshi. Biri moja kubwa yaweza kuwa na tumbaku sawa na paketi nzima ya sigara. Uvutaji wa biri husababisha saratani ya kinywa, ya koo na ya umio. Kupungua kwa nguvu au kwa mwasho hakuyaondoi hayo. Humfanya tu mvutaji astahimili zaidi.

Ulimwengu umekwisha kujifunza gharama ya neno hili. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku, ulioanza kutumika mwaka 2005, wazitaka nchi wanachama zizuie katika vifungashio maneno yanayoweza kumfanya mnunuzi adhani bidhaa moja ya tumbaku yadhuru kidogo kuliko nyingine, na "mild" limetajwa humo kwa jina. Kenya iliuridhia mwaka 2004 na Tanzania mwaka 2007. Sigara mashuhuri za Japani zilizoitwa Mild Seven zilibadilishwa jina mwaka 2013 zikawa Mevius.

Kwa hiyo mtafsiri wa kifungashio au tangazo, akiletewa neno hilo, asitafute tafsiri nzuri zaidi. Amrudishie mwenye kazi na kumwambia kwamba neno lenyewe ndilo lenye tatizo. Katika maelezo ya kawaida, kama kijitabu chetu, aandike isiyo kali au yenye nguvu ndogo, ambayo husema jambo linaloweza kupimwa, na kamwe asiandike salama, isiyodhuru wala nafuu.

Muhtasari wa mapendekezo

Biri: majani ya tumbaku yaliyosokotwa pamoja bila karatasi.
Biri ya Kihindi: tumbaku iliyofungwa katika jani la mti mwingine.
Majani ya ndani. Jani la kufungia. Jani la nje: sehemu tatu za biri.
Jani la kivulini: jani la nje lililokuzwa kwa kupunguziwa jua.
Kuvundika: kurundika majani yaliyokauka ili yapate joto na kuiva.
Nguvu: kiasi cha nikotini kinachomfikia mvutaji.
Ladha isiyo kali. Moshi usiowasha: kwa ulimi na kwa koo.
Biri isiyo kali: kwa ujumla, pasipotajwa lolote kati ya hayo.
Kipimo cha unene: kipenyo kwa sehemu za 64 za inchi.

Mtafsiri wetu aliichukua kazi yake na kuisahihisha. Mahali palipokuwa na "isiyodhuru" aliandika "yenye nguvu ndogo", na sentensi ikawa fupi kuliko ya awali. Wasomaji wenye maneno mengine yanayotumika mashambani au madukani kwa vitu hivi twawaomba watuletee, kwani neno lililo tayari vinywani mwa watu lina haki kuliko tuliloliunda mezani.