Maua ya Kitulo Hukaa Wapi Wakati wa Baridi?

Sogeeni, wajukuu zangu, leo tunapanda Kitulo. Ukishika barabara kuu ya kutoka Mbeya kwenda Iringa, unafika Chimala, kisha unaacha lami na kuukabili mlima. Njia inapanda kwa kona 57. Utazihesabu mwenyewe, masikio yakizibuka na kuziba tena, mpaka utokeze Matamba. Ukiendelea mbele kidogo unafika kwenye uwanda mpana wa majani, mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Hapo ni wilaya ya Makete, mkoa wa Njombe, nchi ya Wakinga. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu. Tangu mwaka 2005 ni Hifadhi ya Taifa, na sababu kubwa ya kuilinda ni maua. Hifadhi nyingine watu wanafuata simba na tembo. Hapa wanafuata maua.

Wageni wengi huja Januari na Februari, maua yanapokuwa yamejaa. Mimi nataka niwapeleke kwanza Julai, maana bila Julai hamtaielewa Februari.

Julai ni kipupwe. Upepo unavuma toka asubuhi na hakuna mti wa kuukinga. Majani yote yamekauka, yamekuwa na rangi ya kahawia, na alfajiri yanafunikwa na barafu nyembamba nyeupe ambayo hupasuka ukiikanyaga. Unatembea saa nzima huoni ua la maana. Mtu asiyejua atasema bustani imekufa.

Haijakufa, imelala chini ya udongo. Chukueni mfano wa okidi. Hapo Kitulo kuna aina zipatazo 45 za okidi zinazoota ardhini, si juu ya miti, na nyingi kati ya hizo zina viazi. Ua linapochanua, chini yake kuna viazi viwili vidogo vilivyokaa ubavu kwa ubavu. Kimoja kimesinyaa, kwa sababu ndicho kinacholilisha ua mlionalo. Cha pili ni kigumu, kimejaa, nacho ni ghala la mwaka ujao. Msimu ukiisha, shina hukauka na kile kizee huoza. Inapofika Julai kimebaki kile kipya peke yake, gizani, na chakula chake chote kimo ndani. Baridi ya juu haikiui. Hata moto unaopita kwenye majani makavu mwezi wa tisa au wa kumi huchoma yaliyo juu tu. Yapo maua yanayochomoza kwenye ardhi iliyoungua, nyeusi tii, kabla hata mvua haijaanza. Mkiyaona hayo hamtayasahau.

Mvua huanza Novemba, na msimu huo Kitulo huwa na mbayuwayu wa buluu. Huyu ni ndege adimu duniani. Miezi ya baridi hukaa Uganda na Kenya, kwenye nyanda zilizo karibu na Ziwa Victoria, kisha hurudi kusini kuzaa. Na anajenga wapi, wakati miti hakuna? Muhanga, yule mnyama mla mchwa, huchimba mashimo makubwa usiku. Mbayuwayu huingia kwenye shimo lililoachwa, akabandika kiota cha udongo na nyasi kwenye dari yake. Ndege wa angani analea watoto chini ya ardhi! Mimi huwa nasimama kuangalia manyoya yake yanavyong'aa anapopita chini chini juu ya majani, na mkia wake mrefu umegawanyika mara mbili.

Sasa twende Februari. Uwanda ni kijani kibichi, na ndani yake kuna manjano, zambarau, nyeupe, nyekundu, yote kwa pamoja. Lakini msiridhike na kutazama kwa mbali. Pigeni magoti. Tafuteni okidi inayoitwa Satyrium, yenye maua madogo yaliyopangana juu ya shina moja. Tazameni nyuma ya ua moja: kuna vijipembe viwili vyembamba vinavyoning'inia. Ndani yake mna maji matamu. Mdudu akitaka kuyanywa lazima aingize kichwa, na hapo ua linambandika furushi la chavua kwa gundi yake lenyewe. Akienda kwenye ua jingine, chavua inamfuata. Amekunywa, na amelipa.

Aprili na Mei maua hunyauka na maganda ya mbegu hupasuka. Mbegu za okidi ni laini kama vumbi na hazina akiba yoyote ya chakula. Upepo huzitawanya kwa maelfu, lakini mbegu haioti mpaka ikutane na kuvu fulani kwenye udongo, ambaye huilisha inapoanza maisha. Nyingi hazimpati. Ndiyo maana okidi ikipotea mahali, hairudi haraka.

Na zinapotea. Viazi vile vile nilivyowaambia husagwa pamoja na karanga na kupikwa chakula kiitwacho chikanda, kinachopendwa sana Zambia. Okidi za huko zilipopungua, wafanyabiashara walivuka mpaka kutafuta za kwetu, na watu wa milimani wakaanza kuchimba na kuuza. Wachimbaji wengi ni watu wanaotafuta ada ya shule na chumvi, siwachukii. Lakini hesabu yake inaniuma. Anayechuma ua amechukua mwaka mmoja. Anayechimba kiazi kipya amechukua miaka yote iliyobaki ya mmea ule, na mbegu haziwezi kuiziba nafasi hiyo upesi.

Basi mkikua, au mkipata mtu mzima wa kuwapeleka, nendeni Kitulo. Kwa maua chagueni Januari au Februari, mbebe koti la mvua. Mkiweza mrudi tena Julai na sweta nzito, mkanyage ile barafu mkijua kilicho chini yake. Tembeeni kwenye njia na muongozaji. Na mtu yeyote, awe sokoni au njiani, akiwauzia kiazi cha okidi kilichochimbwa porini, msinunue.