Sera na Hadithi: Mapenzi Mawili ya Mwanafunzi wa Buyenzi



Mwanafunzi wetu mmoja wa shahada ya uzamili, mzaliwa wa Buyenzi hapa Bujumbura, anapenda mambo mawili: sera za hifadhi ya jamii na utunzi wa hadithi fupi. Wapo waliomshauri aache moja. Sisi tunaona kuwa mambo hayo yanakutana katika lugha, na tungependa kueleza kwa nini.

Hifadhi ya jamii ni mipango ya kumkinga mtu anapougua, anapozeeka, anapopoteza kazi au anapofiwa na aliyemtegemea. Ina sura mbili kubwa. Ya kwanza ni ya kuchangia: mfanyakazi na mwajiri hutoa sehemu ya mshahara, na baadaye mfanyakazi hulipwa pensheni. Ya pili haidai mchango: wasiojiweza hupewa fedha au huduma.

Sasa tuitazame Buyenzi. Fundi wa magari, fundi cherehani na mama muuza samaki wengi wao hawana mwajiri, hivyo sura ya kwanza huwapita kando. Mwanafunzi wetu alipowauliza majirani, "Je, mna hifadhi ya jamii?" walijibu kwamba hawana. Alipouliza, "Ukiugua, nani hukusaidia?" walizungumza hadi magharibi: upatu, msikiti, jirani, mtoto aliye ng'ambo. Swali hilo la pili ni swali la mtunzi wa hadithi, lakini ndilo lililomfaa mtafiti.

Tukichunguza majina ya mipango ya kanda yetu, tunaona kwamba kila jina lina mtazamo wake. Tanzania ilianza Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini mwaka 2012, chini ya TASAF. Kunusuru ni kumtoa mtu hatarini. Kenya ina Inua Jamii. Huko mtu anainuliwa. Burundi ina Merankabandi, mradi uliopata fedha za Benki ya Dunia. Kwa Kirundi jina hilo lina maana ya "uwe kama wengine". Hapa linalotajwa ni usawa.

Vivyo hivyo kwa anayepokea. TASAF humwita mlengwa, neno litokanalo na kitenzi lenga katika kauli ya kutendwa: yeye halengi, analengwa. Mnufaika ni yule aliyepata faida. Mwenye haki ni yule anayeweza kudai. Maneno hayo matatu si visawe, na sera iliyoandikwa kwa moja haiwi sawa na iliyoandikwa kwa jingine.

Katika rasimu ya kwanza ya hadithi yake, mwanafunzi alimwita mjane wa fundi magari "mlengwa". Tulimuuliza: majirani humwitaje? Alirudi na rasimu ambayo mama huyo anaitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza, naye anahesabu fedha za upatu kabla ya kwenda kununua dawa. Baada ya hapo alirekebisha pia dodoso la tasnifu yake.

Riwaya ya Kuli (1979) ya Adam Shafi inatukumbusha kuwa fasihi yetu imekwisha kuwasemea wafanyakazi, wale wachukuzi wa bandari ya Unguja.

Walimu wenzetu, wapeni wanafunzi zoezi hili: wachukue ibara moja ya sera, waiandike upya kama anavyoisema mama wa mtaani. Patakapokwama tafsiri, hapo ndipo pa kuanzia mjadala.