Fahamu: Kwa nini mpinzani uliyemshinda ana uzito kwenye viwango vya kriketi

Baraza la Kimataifa la Kriketi (ICC), lenye makao Dubai tangu 2005, halihesabu ushindi tu. Hutazama pia umemshinda nani. Timu zikipishana kwa chini ya pointi 40, mshindi huandikiwa kiwango cha mpinzani na kuongezewa 50. Pengo likifika 40, kigogo akishinda hupata kiwango chake mwenyewe na nyongeza ya 10 tu. Mnyonge akishinda, nyongeza ni 90. Kisha hupigwa wastani.

Afghanistan na Bangladesh ziliingia Kombe la Dunia la T20 la 2024 kwa viwango. Uganda, inayocheza zaidi na majirani (vigogo hawaalikiki kirahisi), ilipitia mchujo wa Namibia, Novemba 2023, ikaishinda Zimbabwe na kufuzu. Kwa nchi zetu, mchujo una haki zaidi.